Zamu yangu ya likelemba imefika, na mwenzangu wa korale ana mgonjwa. Nimwachie?

Mama Maharagi (Goma)

Bwana asifiwe wapendwa. Naomba shauri, na mnijibu bila kunificha.

Niko katika likelemba ya akina mama 12 wa kanisani, wengi wetu tunaimba korale moja. Kila Jumamosi kila mama anatoa dola 10, mmoja anabeba zote. Mnajua hali ya Goma: tangu benki zifungwe mwanzoni mwa 2025, pesa inatembea mikononi mwa watu tu, na likelemba ndiyo benki yetu. Jumamosi hii ni zamu yangu. Mimi nauza maharagi kwenye soko la Kituku, kando ya ziwa. Sasa ni mavuno, maboti ya Minova yanashusha magunia na bei iko chini. Anayenunua sasa na kuweka atauza vizuri mbele. Anayechelewa atanunua ghali, na faida yote itaishia kwa wabeba mizigo. Pesa hiyo ndiyo minervali, karo ya shule, ya mtoto wangu anayeingia sekondari Septemba.

Juzi bwana wa dada mmoja wa kikundi, ambaye ni motari, anabeba abiria kwa pikipiki, aligongwa na gari akavunjika mguu. Ameshapasuliwa, lakini hospitali haimwachii mpaka faktira ilipwe, na kila usiku anaolala pale deni linapanda. Zamu ya huyo dada ni ya mwisho kabisa. Prezidenti wa kikundi alinipigia akasema, "Wewe ndiwe mwenye zamu, Mungu anakujaribu." Tangu hapo simu haziishi.

Kuna jambo lingine. Mwaka jana mtoto wangu alipougua tifoide, nilimwomba dada huyuhuyu tubadilishane zamu. Akajibu kwamba ana mipango yake. Sikumsema kwa watu, lakini sijasahau. Sasa nasoma Wafilipi 2, kwamba tuwahesabu wengine kuwa bora kuliko nafsi zetu, na nashindwa kujua: huku kusita kwangu ni ubinafsi, au ni akili ya mama anayelea? Nikibeba zamu yangu nitakuwa nimetenda dhambi?

Mtumishi K.

Dada, mpe yote. Panda mbegu, Mungu atakurudishia mara mia. Usiangalie maharagi.

Papa wa Kamalondo (Lubumbashi)

Mtumishi, hapo sikubali. Anayetoa ili arudishiwe mara mia bado anajitafutia yeye. Tena 1 Timotheo 5:8 inasema asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Minervali ya mtoto ni mambo ya nyumbani mwake. Dada, hao wanaokupigia simu, wao wametoa ngapi mpaka sasa? Na bwana yako, kama yupo, mmeongea? Anza naye.

Mama Shemasi (Bukavu)

Mwanangu, nimekaa na akina mama wa kanisa huku Kadutu miaka mingi. Likelemba nimeziona zikisomesha watoto, na nimeziona zikipasua korale katikati. Acha nianze na Wafilipi, kwa sababu umeishika mwenyewe.

Barua ile haikuandikiwa mama mmoja mwenye huruma. Iliandikiwa kanisa zima: kila mtu aangalie mambo ya wengine. Basi wale mama kumi nao wayaangalie mambo ya huyo dada, na huyo dada ayaangalie mambo yako. Sisi neno hilo tunalipeleka kwa mwenye zamu peke yake, halafu tunarudi nyumbani tukijiona tumehudumu. Hilo linaniudhi sana, nakuambia wazi. Mama yuleyule akijishusha kila mara, wengine hawajifunzi kitu.

Soma mpaka sura ya 4. Utawakuta Euodia na Sintike, wanawake wawili walioishindania Injili pamoja na Paulo, na bado hawapatani, hata wanatajwa kwa majina katika barua ya kanisa. Paulo hasemi nani alianza. Anamsihi kila mmoja, kisha anamwomba mtu wa tatu awasaidie. Kwa hiyo jambo la tifoide usilipitishie kwenye pesa. Ukimnyima kwa sababu ya mwaka jana, umelipiza. Ukimpa ili aone haya, umelipiza vilevile. Mtalimaliza wenyewe, na mama mwenye busara akiwa kati yenu. Lakini si wiki hii, wiki hii ana mgonjwa.

Kuhusu pesa, fungua 2 Wakorintho 8. Paulo anayasifu makanisa ya Makedonia, na Filipi ni mji wa Makedonia. Walikuwa maskini kabisa, wakatoa kupita uwezo wao, kwa hiari, wao ndio waliomsihi awapokelee. Hakuna aliyewashinikiza. Na mstari wa 13 anaeleza kwamba hataki wengine wastarehe huku ninyi mnalemewa. Anataka usawa: leo kilichokuzidia kijaze upungufu wa mwenzako, kesho chake kijaze chako. Mimi kila nikisoma pale naiona likelemba.

Sasa fanya hivi. Kesho, kabla hujaamua lolote, nenda hospitalini. Pika bukari (ugali) na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, funika vizuri, weka chai kwenye termosi. Mama anayelala na mgonjwa huwa hali. Chakula kikifika anampa mgonjwa kwanza, yeye anasema ameshiba, na kanga yake ndiyo shuka, ndiyo mto. Keti naye. Omba uione faktira kwa macho yako, maana habari za simu zinakua njiani. Usiahidi kitu pale pale. Mimi moyo wangu mgumu umelainika kando ya vitanda vya wagonjwa kuliko kwenye mahubiri, ndiyo maana nakutuma.

Ijumaa mkae na prezidenti. Kila mama aongeze kidogo juu ya zile 10, hata dola 2. Hiyo ni ya mgonjwa na hairudi. Wewe ubaki na nusu ya zamu, ununue maharagi unayoweza. Nusu nyingine mkopeshe dada, na zamu yake ikifika irudi kwako. Iandikwe kwenye daftari mbele ya wote. Asikuambie mtu kwamba daftari ni kukosa imani. Katika Matendo 6 wajane waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, mitume walitaka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema wasimamie ugawaji.

Ukiona moyo unakupa kutoa zaidi ya nusu, toa. Ukiona huwezi, toa hiyo nusu bila kununa. Katika Matendo 5 Anania aliuza shamba, akaficha sehemu ya pesa. Petro alimwambia kwamba shamba lilikuwa mali yake, na hata baada ya kuliuza pesa ilikuwa katika uwezo wake. Aliulizwa kwa nini amesema uongo.

Mama Maharagi (Goma)

Asante sana mama. Bwana yangu amekubali, na nimetoka hospitalini sasa hivi. Faktira ni kubwa kuliko likelemba nzima. Hata ningetoa yote, mgonjwa asingetoka, na hakuna aliyeniambia hivyo kwenye simu. Lakini wa ofisi ya malipo amesema watapokea sehemu, na familia itie sahihi kwa kinachobaki.

Dada aliponiona alianza kulia, akaitaja tifoide mwenyewe kabla sijaketi. Nilimimina chai, tukanywa. Nimeamua nibaki na theluthi, si nusu. Magunia yatapungua, ila nitaanza.

Prezidenti amekubali tukae Ijumaa. Tatizo, mama wawili wameshasema dola 2 hawana. Tuwafanyeje?

Mama Shemasi (Bukavu)

Msiwabane. Asiye na dola 2 alete sabuni au makala ya kupikia (mkaa), au alale hospitalini usiku mmoja ili dada aende nyumbani akaoge na kulala. Na asiyeweza hata hilo, msimwandike kwenye daftari kama mdeni. Halafu muulize dada watoto wake wanakula wapi mchana, hilo sijaona mtu akilitaja.