Mjadala: Fedha za kifungo cha nje zitoke wapi?

Mtoa mada, Dodoma
Wakuu, Sheria ya Huduma kwa Jamii tunayo tangu mwaka 2002. Kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, hakimu anaweza kumwacha mtu alale kwake na kutumikia adhabu kwa kazi isiyo na malipo, yaani kifungo cha nje: kufyeka uwanja wa zahanati, kuzibua mitaro, kupanda miti shuleni. Lakini kaa mahakama ya mwanzo asubuhi moja usikilize. "Faini laki moja au jela miezi sita." Asiye na laki anapanda karandinga.

Kisha tunawatoa kwa mkupuo. Tarehe 9 Desemba 2019 Rais Magufuli alisamehe wafungwa 5,533 kwa siku moja. Tumewalisha, tumewalinda, tumewachanganya na majambazi sugu, halafu tunafungua lango.

Hoja yangu ni kwamba sehemu ya fedha za kuwatunza wafungwa wa vifungo vifupi ihamie Huduma za Uangalizi, wale maafisa wanaowasimamia wanaotumikia adhabu nje ya gereza. Kabla ya kutoa kifungo cha nje, hakimu anahitaji taarifa ya uchunguzi wa kijamii: mshtakiwa anaishi wapi, nani anamfahamu, mlalamikaji anasemaje. Mwenye kuiandika ni afisa aliyefika mtaani kwa miguu yake. Afisa akiwa mmoja kwa wilaya nzima, tena hana pikipiki wala mafuta, taarifa haiji, na hakimu anachagua gereza kwa kuwa gereza lipo.

Mkulima wa kahawa, Mbozi
Ndugu mtoa mada, umewataja wote isipokuwa sisi tulioibiwa. Msimu uliopita kahawa yangu ilizolewa usiku ikiwa bado kwenye vichanja. Hakuna aliyeguswa, hakuna panga lililoonekana, kwa hiyo kwa hesabu zenu hilo ni kosa lisilo na ukatili. Kwangu ilikuwa ada ya mtoto na mbolea ya mwaka unaofuata.

Sasa unataka nimkute kesho yake anafagia zahanati, jioni tupishane njiani? Na fikiria hili: vijana wa kijiji wakishaona mwizi anarudi nyumbani siku hiyo hiyo, mara nyingine hawatampeleka polisi. Watammaliza wenyewe. Huko mjini hamlioni.

Mtoa mada, Dodoma
Shikamoo mzee wangu, na pole sana. Hofu ya wananchi kujichukulia sheria mkononi ni ya kweli, siipuuzi. Ila nikuulize: akikaa jela miezi sita unarudishiwa debe ngapi? Mahakama ina uwezo wa kuamuru fidia, lakini aliye ndani hana pa kuchuma. Akiwa nje anatumikia saa zake, zinazobaki anatafuta kibarua na kukulipa kidogo kidogo. Tena afisa angekuja kwako kabla ya hukumu, akusikilize, na mkutano wa kijiji uelezwe kwamba huyu hajaachiwa, anatumikia adhabu.

Muuguzi, Temeke
Naunga mkono fedha, ila zifike chini. Kituoni kwetu tuliwahi kuletewa watu wawili wa kifungo cha nje. Walifanya kazi vizuri siku za mwanzo, kisha wakapotea. Hakuna aliyekuja kuuliza. Fomu za mahudhurio zikabaki kwenye droo yangu. Mimi nina wodi ya wajawazito, siwezi pia kuwa askari.

Msomaji, Nakuru
Majirani, sisi Kenya sheria kama hiyo tunayo tangu 1998. Chungeni jambo moja. Mpango uliotangulia ulikuwa mikononi mwa utawala wa mikoa, na ulilalamikiwa kwa sababu wafungwa waliishia kulima mashamba ya machifu. Pesa zikipelekwa kwa mtendaji bila afisa wa kukagua kazi, mtawapa wakubwa vibarua wa bure.

Mkulima wa kahawa, Mbozi
Marahaba mwanangu. Hilo la fidia nimelisikia. Lakini mimi sitaki kuambiwa "atalipa". Iandikwe kwenye hukumu kiasi gani na kwa tarehe gani, na akikwepa mara moja arudishwe mahakamani wiki hiyo hiyo. Mwizi wa mifugo msimguse kabisa kwenye mpango huu. Na huyo afisa ajulikane kijijini kwa sura na namba ya simu, kama tunavyomjua bwana shamba.

Mtoa mada, Dodoma
Nakubali yote, isipokuwa "mara moja". Mtu anaweza kuugua, au kufiwa. Apewe onyo kwanza. Kuhusu fedha: mshahara na usafiri wa afisa utoke serikali kuu. Majembe, mafyekeo na buti vitoke halmashauri, maana barabara zinazolimwa na mitaro inayozibuliwa ni yake. Nani humu ni diwani, atuambie kama baraza lake lingepitisha fungu hilo?