Mtoto aliyezaliwa na arosto ya heroini: nimleeje?

Swali (mlezi, Kirumba)
Ndugu wazazi, ninamlea mtoto wa mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 6, ambaye mama yake alikuwa akitumia heroini wakati wa ujauzito. Siku ya pili baada ya kuzaliwa alianza kutetemeka, akalia kwa sauti kali na kushindwa kunyonya, akalazwa wiki 3. Sasa yuko darasa la kwanza. Hatulii kwenye dawati, huwapiga wenzake, na siku tukipita sokoni kwenye samaki na kelele nyingi, usiku halali. Mwalimu anapendekeza fimbo, na majirani wanasema ni damu ya mama yake. Je, atabaki hivi?

Jibu (muuguzi wa watoto, Nyegezi)
Pole sana, dada. Heroini hupita kwenye kondo la nyuma, mwili wa mtoto ukaizoea, na kitovu kinapokatwa anaikosa ghafla. Ndiyo arosto uliyoiona, wala haina uhusiano na damu mbaya. Ni kweli kwamba watoto hawa huwa katika hatari zaidi ya kukosa utulivu na kutenda kabla ya kufikiri, lakini ni vigumu kutenganisha athari ya dawa na ile ya sigara, pombe, uzito mdogo wa kuzaliwa au kuhamishwa kutoka mlezi hadi mlezi. Mpime macho mapema, kwa kuwa makengeza huwapata zaidi, na mtoto asiyeona ubao vizuri huitwa mtukutu bure. Daktari wa watoto, kwa mfano pale hospitali ya Bugando, atahitaji kadi yake ya kliniki.

Jibu (mama, Igoma)
Mimi nilikuwa mtumiaji, nikaanza methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, nikiwa mjamzito, na mwanangu naye alipata arosto. Nilimchapa sana alipokuwa akirusha vitu, na kila nilipomchapa alizidi. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Kilichosaidia ni ratiba isiyobadilika, agizo moja kwa wakati mmoja, na kumwambia mapema kinachofuata: "Ukimaliza uji, tunavaa sare."

Mlezi, Kirumba
Asanteni mno. Jumatatu nitampeleka akapimwe macho. Je, nimweleze mwalimu habari za mama yake?

Mama, Igoma
Mweleze kwamba mtoto akae mbele, mbali na dirisha, na aruhusiwe kusimama kidogo kati ya vipindi. Habari za mdogo wako, mwulize yeye kwanza.