Mrejesho: kuunganisha bomba la alumini na shafti ya chuma bila kuchomelea

Ndugu wadau, niliuliza namna ya kufunga bomba la alumini kwenye ncha ya shafti ya chuma, kwa kuwa metali hizi mbili zikiyeyushwa pamoja hutengeneza tabaka gumu linalovunjika kirahisi. Wengi mlishauri kuliminya bomba juu ya shafti iliyochongwa mifereji, nami nimefuata ushauri huo.

Fundi mkerezaji alichonga mifereji ya mzunguko, inayozuia bomba lisichomoke, na mingine ya urefu, inayozuia lisizunguke peke yake. Kingo zake zilizungushwa kidogo, maana kingo kali hupasua alumini inaposukumwa ndani. Kisha bomba lilibanwa pande zote kwa presi ya haidroliki hadi likaingia mifereji, na kwa nje mabonde yake yanaonekana waziwazi.

Hapa ndipo mdau aliyeeleza habari ya metali kurudi nyuma kidogo baada ya kubanwa alipokuwa sahihi kabisa: presi ikiachia, alumini hutanuka zaidi ya chuma kinavyoweza kuifuata, hivyo msuguano pekee usingetosha, na mzigo mkubwa unabebwa na mifereji. Tulikwaruza mstari mmoja kuvuka kiungo, tukakisokota kwa mtarimbo mrefu, mstari haukukatika.

Kilichobaki ni kutu, kwa sababu unyevu ukiingia kati ya metali hizi alumini ndiyo huliwa kwanza. Ukingo nimeuziba kwa gundi ya epoksi.