Vidonge gerezani: viondolewe kabisa?

Mleta Mada: Niseme wazi. Pregabalini na tramadoli, hizi dawa za maumivu, pamoja na dawa za usingizi, zina kazi gani gerezani? Mgonjwa anapewa kidonge, anakibana shavuni, akifika selo anakiuza. Aliyenunua anachanganya na methadoni yake, dawa anayopewa ya kutibu uraibu wa heroini, usiku pumzi inakata, asubuhi kwenye hesabu haamki. Ziondolewe zote.

Mchokozi: Umemsahau nesi. Yuko dirishani na simu yake, mtu anameza mate tu. Tukubali, mfungwa ana akili kuliko nesi.

Sindano Haiumi: Wee! Nimegawa dawa gerezani miaka 9. Kidirisha kama cha kukatia tiketi, foleni ya watu 80, askari mmoja. Nampa maji, anakunywa. "Fungua mdomo, inua ulimi." Anainua. Kidonge kimenata juu kule, kati ya fizi na shavu. Kuna mmoja alipiga chafya, kidonge kikatua kwenye daftari langu. Hiyo simu nachezea saa ngapi?

Mchokozi: Kwa hiyo bila chafya usingejua 😂

Kuku Mgeni: Uingereza si walishaipiga marufuku pregabalini? 2018 kama sikosei.

Karani: Unakosea. Ni Aprili 2019, na hawakuipiga marufuku. Waliiweka kwenye dawa zinazodhibitiwa, pamoja na ndugu yake gabapentini. Daktari bado anaiandika.

Dada Mtu: Mleta Mada, umewahi kuwa na ndugu ndani? Kaka yangu ana kifafa. Alipoingia mahabusu dawa zake zilibaki mapokezi siku nne. Akaanguka mara mbili, meno yakaumia. Leo unaandika "zote" kwa kidole kimoja!

Mleta Mada: Pole dada, lakini sikutaja dawa za kifafa.

Dada Mtu: Pregabalini inatibu kifafa pia. Na mtu aliyezoea dawa za usingizi za jamii ya diazepamu, ukimkatia ghafla anaweza kupata degedege hata kama hajawahi kuwa na kifafa.

Mleta Mada: Basi ibaki kwa wenye kifafa tu.

Mchokozi: Kesho gereza zima lina kifafa.

Sindano Haiumi: Mnacheka. Anayeumia mara nyingi ni mgonjwa wa kweli. Wenye nguvu wanamsubiri mlangoni: "Lete hapa." Asipotoa anapigwa, akitoa anakesha na maumivu. Kwa waraibu wa heroini, buprenofini, dawa ya uraibu kama methadoni, ipo siku hizi ya sindano, moja kwa mwezi. Hiyo haifichwi shavuni wala hainyang'anywi.

Kuku Mgeni: Sindano, jina lako lenyewe linakutangazia biashara.

Sindano Haiumi: Biashara gani? Mshahara wangu unaujua?

Karani: Mnabishania dirisha, balaa kubwa liko getini siku ya kutoka. Utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa 2007: wiki mbili za kwanza uraiani, hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ukilinganisha na wakazi wengine. Mwili umeshapoteza mazoea, mtu anarudia dozi ileile ya zamani.

Mleta Mada: Hiyo ni mada nyingine, fungua uzi wako. Mimi nazungumzia manesi.

Dada Mtu: Ulianza na manesi wewe?

Mchokozi: Nesi, swali la mwisho. Kidonge cha chafya alirudishiwa?

Sindano Haiumi: Niliandika "kimeharibika". Akapiga magoti akililia kilekile.