Ukoko mweupe kwenye birika la umeme, unatokaje?

Mkazi_Kigamboni: Wakuu, maji ya kisima yameacha ukoko mgumu chini ya birika la umeme. Steelwire haiubandui. Nitumie nini?

FundiBirika: Achana na steelwire, inakwaruza tu. Hiyo ni chokaa, inayeyushwa na asidi. Siki nyeupe nusu lita, maji nusu lita, chemsha, zima, acha saa moja. Ukisikia inachacharika, inakula chokaa. Mwaga, suuza, kisha chemsha maji matupu mara mbili uyamwage, la sivyo chai itanuka achari. Kichujio cha mdomoni kichomoe, kiloweke peke yake.

Bi_Mkubwa: Unga wa ndimu (citric acid) hauachi harufu: vijiko viwili vya chakula kwa lita. Ila maji yawe ya moto tu, usiendelee kuyatokosa. Ukiyatokosa na chokaa ni nene, hugeuka unga mwingine mweupe usioyeyuka. Magadi usichanganye humo, yanaua asidi.

FundiBirika: Kweli Bi Mkubwa. Na asidi isikutane na dawa ya klorini, inatoa gesi ya sumu. Sufuria za alumini usizilaze na siki, zinalika.

Mkazi_Kigamboni: Na heater ya ndoo je?

FundiBirika: Ichomoe kwenye umeme, loweka koili tu, kichwa chenye waya kibaki juu.