Mafundi wa kupasha joto mabanda Arusha mnaua miche yetu na mtaua watu

Wakuu habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira na sifichi, mods mkiona lugha kali nisameheni ila uzi msiufute, maana kuna mtu huko mtaani atakufa kwa ushauri wa hawa jamaa.

Mimi niko Ngaramtoni, naotesha miche ya kuuza, nyanya na hoho ndo kazi yangu kubwa. Anayekaa huku anajua kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane kukoje, mawingu yanashuka toka Meru yanatulalia mpaka saa tano asubuhi, manyunyu, jua unalisikia tu kwa walio chini huko Usa River. Usiku themomita yangu nje inasoma nyuzi 12, 11, kuna siku inashuka chini ya hapo. Sasa mbegu ya nyanya ukiipa nyuzi 25 ndani ya wiki inachomoza, ukiipa 15 inasota wiki mbili, na hoho ndo kabisa, hoho inataka 25 mpaka 30, kwenye baridi inalala tu kwenye udongo mpaka inaoza. Na mkulima mwenye maji ya mfereji anataka miche mwezi wa nane, huwezi kumwambia asubiri jua. Mbegu chotara mnajua bei zake, inahesabiwa punje kwa punje.

Nina banda la bati nyuma ya nyumba, kama mita tatu kwa nne. Nikatafuta mtu wa kulifanya litunze joto. Nikampata jamaa mmoja ana ofisi mjini, simtaji jina, anajitangaza mtandaoni kwamba anajenga vyumba vya kisasa vya kuoteshea. Akaja akapima, akanipa makadirio, foili ile ya kung'aa banda zima, hita ya wati 2000, na taa za zambarau. Hela nzuri tu nikalipa, advansi kwanza halafu iliyobaki siku ya kukabidhi.

Kilichofanyika sasa. Ile foili kaipigilia moja kwa moja kwenye bati, msumari juu ya msumari, imeshikana na bati hakuna hata nafasi ya kidole. Nikamuuliza fundi hii haitakiwi kuwa na nafasi? Akanambia mama hii ni teknolojia, inarudisha joto lenyewe. Jamani, foili inafanya kazi vizuri pale ilipo na nafasi ya hewa iliyofungwa kati yake na bati, sentimita mbili tatu hivi. Ukiibandika kwenye bati inakuwa kama bati la pili, joto jingi linapita. Hiyo siyo siri ya wahandisi, mtu anayeuza hiyo bidhaa kila siku lazima awe anaijua, na kama haijui asiuze.

Halafu juu kwenye mtambaa panya, pale bati linapokalia ukuta, migongo yote ya bati iko wazi. Yote! Unaingiza mkono unatoka nje. Upepo wa usiku unapita humo unafanya unavyotaka, na sakafu ni zege tupu, trei zimepangwa chini kwenye zege. Hita inawaka usiku kucha na ndani nyuzi 15, jirani yangu kaingia akasema mbona nje na ndani sawa tu.

Sasa nije kwenye kilichoniuma zaidi. Hita inakausha trei, unamwagilia, ule mvuke unapanda juu unakutana na foili iliyoshikana na bati la baridi, unageuka maji. Asubuhi ukiingia unakuta tone linaning'inia kwenye kila kichwa cha msumari, na trei zilizo chini ya mstari wa misumari miche yote imelala, ukiuinua mmoja unaona shina pale linapotokea udongoni limenyong'onyea, jembamba kama uzi uliolowa, juu majani bado ya kijani. Hiyo ni kinyausi, ugonjwa wa miche kuoza shina. Baridi na majimaji, ndo chakula chake. Trei za hoho zilizokuwa na oda ya mtu zimekwenda zote na yule mtu nimemrudishia hela yake.

Nikampigia. Sikilizeni jibu. "Mama ongeza hita ya pili." Nikamwambia hata hii moja imeshayeyusha plagi ya ekstensheni, wati 2000 zinavuta karibu ampea 9 usiku kucha, kawaya kenyewe kembamba mlichoniachia nyinyi, kalikuwa kanachemka ukikashika. Hakuweka laini yake, hakuweka soketi ya maana, hakuweka themostati, hita inawaka tu mpaka mtu aamke akaizime. Mtoto angegusa pale tungekuwa tunaongea mengine.

Na LUKU je? Unit moja huku kwetu tusio kwenye tarifa ya chini ni shilingi 356 hivi. Hita ya wati 2000 ikiwaka masaa kumi inakula unit 20. Hiyo ni zaidi ya shilingi elfu saba kwa usiku mmoja. Niuze mche shilingi ngapi ili nirudishe hiyo?

Nikamwambia siwezi huo umeme. Ndipo akanambia, na hapa ndo naomba wote msome taratibu: "Basi mama weka jiko la mkaa usiku, funga mlango vizuri joto lisitoke, wengi wanafanya hivyo."

Aisee. Nilikaa kimya kwenye simu. Huyu mtu anapita nyumba za watu anawaambia wafungie jiko la mkaa ndani ya chumba. Mkaa ukiwaka sehemu isiyo na hewa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haikukohozi, unasikia kichwa kizito na usingizi halafu basi. Kila kipupwe tunasikia habari za familia zimekutwa asubuhi zimekufa na jiko katikati ya chumba, na sisi wa mikoa hii ya baridi ndo tunaijua vizuri hiyo habari. Mimi saa kumi na moja alfajiri naingia bandani nikiwa na usingizi kuangalia miche, wakati mwingine namtuma binti yangu. Angeingia yeye je? Na hata ungesema tunajali miche tu, moshi wa mkaa una gesi ya ethilini, nyanya ikiipata majani yanajikunja na maua yanapukutika. Yaani ushauri unaua mtu na unaua mche kwa pamoja, na kaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kama anakushauri mbolea.

Mdogo wangu aliyesoma umeme alikuja akakaa na kikokotoo. Banda la ukubwa huu la bati tupu, ukitaka ndani kuwe na nyuzi kumi zaidi ya nje unahitaji kama wati 2500, na hapo hujahesabu upepo wa kwenye mianya. Kwa hiyo hita aliyoniuzia isingeweza hata kama ingewaka mpaka Krismasi. Banda hilohilo ukiliwekea stairofomu, lile povu jeupe gumu la kufungashia, ya sentimita tano kuta zote na juu, ukaziba mianya, wati 300 mpaka 400 zinafanya kazi ileile. Huo ndo ulikuwa wajibu wake, kuziba kwanza halafu ndo aongelee hita. Lakini kwenye kuziba hakuna faida kubwa, faida iko kwenye kuuza mashine, na mashine ikishindwa anakuuzia nyingine.

Na haya mambo wanayatoa YouTube kwa watu wa Kanada na Marekani ya kaskazini bila kufikiri. Kule nje inaweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri, na mchana wa Disemba ni masaa nane tisa, ndo maana wanawasha taa jioni na asubuhi. Sisi tuko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, Juni na Disemba mchana ni karibu masaa 12 ileile, tatizo letu ni mawingu na baridi ya usiku. Ningehitaji kipande cha bati la kupitisha mwanga upande wa kaskazini, jua la Juni liko kaskazini, na taa nyeupe za LED za kusaidia siku za giza. Yeye kaniwekea taa za zambarau kwenye banda lisilo na dirisha, zimening'inia juu karibu na kenchi, miche imerefuka imekuwa milegevu inaegemeana. Na kitu kingine, wale wazungu wenyewe kwenye hizo video wanaweka pamba ya fiberglass katikati ya mbao, wanafunika na nailoni upande wa joto ili mvuke usifike kwenye baridi, halafu ndo bodi. Hiyo sehemu ya video kairuka.

Na Tengeru iko hapo, watafiti wa mboga wako hapo miaka yote, nyanya ya Tengeru 97 tunayootesha imetoka hapo. Mtu anayefanya biashara ya vyumba vya miche Arusha hajawahi kwenda kuuliza?

Nimetafuta seremala wa hapa mtaani, mzee hajui Instagramu. Tumebandua foili, tumepiga papi, tumejaza stairofomu katikati, nailoni upande wa ndani, juu yake plaiwudi kwa sababu stairofomu ikishika moto inawaka vibaya na moshi wake ni sumu, usiiache wazi karibu na chochote cha moto. Migongo ya bati kaziba yote, akaacha tundu mbili zenye vifuniko, moja chini moja juu, mchana nafungua hewa ipite. Trei zimepanda kwenye meza. Na hita sijawasha tena, nimeweka mikeka ya umeme chini ya trei, mmoja unakula wati 20 tu, hata ukiwaka siku nzima bila kuzima haufiki nusu unit. Mche unataka joto kwenye mizizi, sio kwenye dari. Hoho za mkupuo huu zimechomoza na bati halidondoshi tena.

Ninachotaka sasa. Nataka hela yangu ya foili na hita, na nataka huyu jamaa aache kuwaambia watu habari ya jiko. Meseji zangu anazisoma hajibu. Nimeshaongea na mwenyekiti wa mtaa, kaniambia nilete risiti, risiti ninayo ya mkono, haina mhuri.

Kama na wewe uliwekewa foili ya namna hii, chukua ngazi, ingiza vidole juu ya mtambaa panya, ukisikia upepo umeibiwa kama mimi. Na kama kuna jiko humo ndani litoe leo.

Wadau wa Moshi, hasa nyie wa juu Kibosho na Machame mnaootesha kipindi hiki, themostati nzuri ya kuunga na hii mikeka mnapata wapi? Niliyonunua mjini imekufa. Na mwenye uzoefu wa kudai hela kwa risiti ya mkono anielekeze pa kuanzia.