Mrejesho: TSH bado iko chini, ila sasa nimeelewa

Asanteni sana wote mlionijibu. Niliuliza hivi: nina ugonjwa wa Graves (tezi ya shingo, yaani thairoidi, hutoa homoni kupita kiasi), nimemeza kabimazole, dawa ya kupunguza homoni hizo, kwa wiki 6, T4 (homoni ya thairoidi) imerudi kawaida, mbona TSH (homoni nyingine inayopimwa kwenye damu) bado 0.01? Niliogopa kwamba dawa imegoma.

Juzi nilitoka Kongwa alfajiri kwenda Dodoma mjini kumwona daktari. Kumbe TSH haitoki kwenye tezi ya shingo. Inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo ndiyo huiamuru thairoidi ifanye kazi. Homoni zikizidi kwa muda mrefu, tezi ile hunyamaza, na huchukua wiki hata miezi kuamka, ingawa T4 imeshatulia. Kwa hiyo kwa sasa dozi yangu inapangwa kwa T4 na T3 (homoni nyingine ya thairoidi). Na kweli, moyo hauendi mbio tena, mikono imeacha kutetemeka, nimeongeza kilo 3. Nilifurahi mpaka machozi.

Kuna jambo nililolipuuza, nawaomba wenzangu msilipuuze: ukiwa kwenye dawa hii ukapata homa au koo likauma, isimamishe na ukapime chembe nyeupe za damu siku hiyohiyo.

Nitapima tena baada ya wiki 6.